Skrubu Nilizozikataa kwa Sumaku

Nakumbuka siku niliyojiona mjuzi kwa mara ya mwisho, mwanangu, nayo ilikuwa Ijumaa. Duka letu hapa Rodi Kopany lilikuwa likifungwa mapema kila Ijumaa, kwa kuwa mwenye duka, Mzee Okelo, alikuwa Msabato wa kweli, na jua likianza kuinama hakutaka tena kusikia habari za misumari. Siku hiyo yeye mwenyewe hakuwapo. Alikuwa ameenda matanga huko Migori, akaniachia funguo, kaunta, na kila kitu kilichokuwa nyuma ya kaunta. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko mlango.

Nilikuwa na sumaku, unajua. Niliitoa kwenye spika ya redio iliyoharibika. Mtu akija na kijiko au sufuria au mfereji akitaka kujua kama ni stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, mimi naitoa sumaku yangu mfukoni na kuigusisha. Ikinata, nasema feki. Isiponata, nasema hiyo ni halisi, nunua. Watu wakaniita Nyar Sumaku, ndiyo kusema binti wa sumaku kwa Kijaluo chetu, nami nikalipenda jina hilo kuliko lile nililobatizwa. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma kutoka kaunta hadi barabarani.

Basi akaja fundi Ouma kutoka Homa Bay. Alikuwa fundi wa mabati, kijana mpole, mtu wa maneno machache. Alitumwa na akina mama wanaotia samaki chumvi kando ya ziwa. Banda lao la zamani lilikuwa limeliwa na chumvi hiyo hiyo: skrubu zilioza moja baada ya nyingine, hadi siku moja upepo wa ziwa ukang'oa bati na kulitupa hatua mbili kutoka pale mwenyekiti wao, Min Adhiambo, alipokuwa ameketi akipasua samaki. Safari hii walikuwa wamesimamisha nguzo na boriti za chuma, wakaapa kwamba skrubu ya kushika kutu haitaingia kwenye paa lao tena. Hawakutaka kulala msiba kwa ajili ya bati.

Mzee Okelo alikuwa amewaagizia skrubu zao mapema. Kabla ya kwenda matanga aliniambia, "Za akina mama wa samaki ni hizo za boksi la juu." Sikiliza vizuri, mwanangu. Aliniambia. Nisije nikakudanganya kwamba sikujua.

Kwenye rafu palikuwa na maboksi mawili. Yote yalikuwa na skrubu za kujitobolea, zile zenye ncha kama ya keekee, ambazo unazizungusha kwa drili zikatoboa bati na chuma bila kutanguliziwa shimo. Zote ziling'aa sawasawa. Nikachukua moja ya boksi la juu, nikaigusisha sumaku. Ikarukia, ikanata kwa ncha. Nikachukua moja ya boksi la chini. Ikaanguka kwenye kaunta, haina habari. Moyoni nikasema, maskini mzee, wamemuuzia feki. Nilijiona nimeliokoa duka.

Nikamfungia Ouma boksi la chini. Akatoa moja, akaigeuzageuza mbele ya macho, akapitisha ukucha kwenye ncha.

"Sista, hii ncha si ni laini? Boriti zetu ni nzito, unajua."

"Fundi, hiyo ndiyo stenlesi original. Sumaku imesema."

"Ama tupigie mzee simu tu?"

"Mzee yuko matanga. Utamtoa kwa maiti juu ya skrubu?"

Waliokuwa dukani wakacheka. Ouma naye akacheka kidogo, akaangalia chini, akafunga boksi kwa kamba nyuma ya pikipiki, akaenda zake. Kesho yake nilikaa kanisani nimenyoosha shingo, nikingoja Mzee Okelo arudi anishukuru. Hata leo nikiikumbuka Sabato ile naona haya.

Jumapili mchana simu ya duka ikalia. Alikuwa Min Adhiambo. Hakusalimia. Alisema, "Ouma ameanguka."

Skrubu zilikuwa zimekataa kuingia. Zilitoboa bati vizuri, zikafika kwenye boriti, zikaanza kuzunguka mahali pamoja huku zikitoa moshi. Ouma akabonyeza kwa mkono. Zikakataa. Akabonyeza kwa uzito wa mwili wote, maana mabati yalikuwa yamekwisha kupangwa na upepo ulikuwa umeanza kuamka. Skrubu moja ikateleza, drili ikaruka, na yeye akafuata. Aliangukia mkono wa kulia.

Jumatatu Mzee Okelo akanichukua hadi Homa Bay, maboksi yote mawili magotini pangu. Hakunigombeza njiani. Angenigombeza ningepumua. Tulipofika bandani aliomba kipande cha boriti kilichobaki, akakiweka chini, akanipa drili mkononi mbele ya wale akina mama wote.

"Anza na zako," akasema.

Nikaanza. Skrubu ikazunguka, ikalia, ikatoa moshi. Nilipoitoa, ncha ilikuwa imegeuka buluu na kuwa butu kama kidole.

"Sasa hizi ulizokataa. Polepole, usikimbize drili."

Nikaweka ya boksi la juu. Ikauma chuma, ikatema unga wa chuma, ikazama hadi washa yake ya mpira, ile pete ya chini ya kichwa, ikalala juu ya boriti. Mzee akakipindua kile kipande anionyeshe upande wa chini. Ncha ilikuwa imetokea huko, imesimama nje ya kazi.

"Mwili wake ni stenlesi," akaniambia, "ila ncha wameiunga ya chuma kigumu, kwa sababu stenlesi ya aina hii peke yake ni laini, haiwezi kutoboa chuma kinene. Hiyo ncha ndiyo ilinata kwa sumaku. Ikishatoboa, kazi yake imeisha, hata ikioza haidhuru. Kinachobaki kushika bati ni mwili. Zako ni za bati kwa bati, ama pale shimo limetangulizwa. Sumaku haikukudanganya, Nyar Sumaku. Uliiuliza swali moja, na kazi ilikuwa na mawili: itaingia? Na ikishaingia, itadumu?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini lililonichoma kabisa halikutoka kwake. Min Adhiambo alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, chumvi imemkauka mikononi. Akasema taratibu, bila ukali:

"Nyathina, mwanangu, sisi hatukutuma mtu kuuliza sumaku. Tulimtuma akuulize wewe."

Mwanangu, nimeambiwa maneno mengi makali tangu siku hiyo, na mengi nimeyasahau. Hilo sijalisahau.

Tukaenda hospitali. Ouma alikuwa kitandani, mkono umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha huku nalia, wagonjwa wengine wakitazama. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Hata mimi niliona ile ncha ni laini. Lakini wewe ulisema kwa nguvu."

Paa lile lilifungwa na fundi mwingine, kwa skrubu za boksi la juu. Ukienda kando ya ziwa utaliona. Mabati yamechakaa rangi, lakini vichwa vya skrubu bado vinang'aa.

Sasa nakuachia kaunta hii, mwanangu, nami nataka uyashike haya kabla hujazishika funguo. Usichague skrubu kwa kung'aa kwake wala kwa jaribio moja ulilolizoea. Muulize mteja anafunga nini juu ya nini, chuma kina unene gani, na pale mahali pana nini: chumvi, moshi, mvua, mbolea ya kuku. Usipojua, sema sijui. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumchekesha mtu ili asiulize. Na fundi akipitisha ukucha kwenye ncha akanyamaza, wewe nyamaza zaidi, umsubiri aseme. Yeye ndiye atakayepanda juu. Mpigie mwenye kujua hata kama yuko matanga. Wafu hawana haraka, na aliye hai juu ya paa ana watu wake nyumbani wanaomngoja. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekua nikimwona.

Sumaku ile iko kwenye msumari pale nyuma ya mlango. Itumie, si adui. Ila usiipe jina lako.

Na kesho asubuhi atakuja mzee mmoja kutoka Homa Bay, huja kila anapopata kazi. Hatanunua mahali pengine, sijui kwa nini, na sijawahi kuwa na ujasiri wa kumuuliza. Atakusalimia kwa mkono wa kushoto. Usidhani amekosa adabu. Ule wa kulia haukurudi kufunga vidole. Mpokee kwa mikono yako miwili, umpe kiti, umwekee skrubu mbele yake aziguse mwenyewe kwanza.

Mungu aupe ulimi wako breki na masikio yako subira. Kila utakachokipima kidumu, na kila atakayepanda kwa neno lako, ashuke kwa miguu yake.