Mushiya na mguu wa Tshiela

Asubuhi ile Mushiya, bibi yangu wa ndoa, alipiga pasi kitambaa cha mutoto mbele ya kupika chai. Kila siku ilikuwa vile. Pasi ya makaa, ya moto sana, halafu anamufunga Tshiela paja. Mi nikavaa kofia, nikaenda kazi. Haikurudi tena asubuhi ya namna ile.

Tshiela, mutoto wetu mumoja, alizaliwa na alama kwenye paja. Nyekundu ya kuiva, nene, yenye joto. Akilia, inavimba. Muganga wa hospitali alituambia: ni mishipa ya damu, ilijikusanya tangu tumboni. Muifunge na kitambaa safi, cha pasi ya moto. Musiikate, damu haitasimama.

Kwenye bomba la maji jirani yetu Godelieve alimuchokoza: "Mushiya, ulikula shaba ukiwa na mimba?"

"Nilikula, mama. Nikakubakishia udongo."

Bakacheka bote.

Muchana wa siku ile batu bakaingia mu nyumba. Bakasema: "Bakasai, murudi kwenu," juu baba zetu batoka Kasai. Mi nilizaliwa Kolwezi, hapa hapa Katanga. Tukaenda kulala kwenye gare, kituo cha treni, na beseni moja na pasi. Ilikuwa 1993. Treni haikuja. Juma la tatu makaa yakaisha.

Dada yangu mukubwa, Mianda, tuliyefukuzwa naye, akasema: "Pasi yenu imezimika. Mutoto anaenda kukanyaga udongo wa bankambo, babu zetu, mara ya kwanza, na hamujamuchanja?" Kwa desturi ya baba yetu mutoto hafiki kule bila kuchanjwa na kupakwa dawa. Akataka kuchanja pale pale penye alama, ubaya usipate mulango.

Mushiya akasema: "Hapana, mama. Nitatafuta makaa."

Akaenda. Mianda akatoa wembe. Akaniambia chale moja tu, ndogo. Mi ndiye nilishika mguu.

Mushiya akarudi na makaa mu kitenge. Damu ilikuwa ingali inatoka. Jua halijazama, Tshiela akaisha. Tulimuzika karibu na reli. Siku ya ine treni ikafika.

Kule Mwene-Ditu, mu Kasai, tulikaa miaka makumi tatu. Hatukupata mutoto mwingine. Mushiya aliuza makaa sokoni. Hakunitukana, hakumutukana Mianda. Kila asubuhi alipiga pasi kile kitambaa, akakikunja.

Mara moja tu alisema juu ya siku ile. Alikuwa amelala na ugonjwa, hawezi kuamka tena. Akanishika mukono, akasema: "Baba Tshiela, ungeningojea. Makaa nilikuwa nimepata."