Njiwa wa Mzee Umakant

Mzee Umakant alikuwa mtu wa kulalamika kwa utaratibu. Wenzake wa rika lake hulalamika popote, barazani, dukani, hata kwenye foleni ya benki. Yeye alikuwa na sehemu yake na wakati wake: asubuhi, kwenye kibustani kilicho jirani na ghorofa alilokaa pale Mchafukoge, kabla jua halijawa kali na pikipiki za Kariakoo hazijaanza kupigiana honi.

Akifika getini husimama kwanza. Geti lenyewe lilikuwa limebaki nguzo tu, maana chuma chake kilishaondoka na watu wa vyuma chakavu. Huweka mikono nyuma, akatazama chupa za maji, maganda ya miwa, maboksi na mifuko ya chipsi iliyoganda mafuta, kisha husema kwa sauti inayovuka barabara, "Jamani! Hivi hawa watu majumbani kwao wanaishije?"

Alikuwa ameuza vitambaa vya suti Kariakoo maisha yake yote, mpaka magoti yalipogoma akamwachia mpwa wake duka. Mtu aliyezoea kukunja kitambaa pindo kwa pindo hawezi kuivumilia bustani kama ile. Pembea ilikuwa inaning'inia kwa mnyororo mmoja. Bomba lilikuwepo, maji hayakuwepo. Pipa la taka nalo lilikuwa limeoza kitako, kwa hiyo mstaarabu aliyejisumbua kutumbukiza chupa yake ndani aliiona ikitokea chini na kubingirika mpaka miguuni pake.

Ukali wake ulikuwa unajulikana. Siku moja kijana mmoja wa mambo ya kutoa mizigo bandarini, tai shingoni, alikula karanga akaachia mfuko upepo uondoke nao. Mzee Umakant aliukimbilia ule mfuko, magoti hayo hayo, akamfuata kijana hadi kona ya pili.

"Kijana! Umedondosha mali yako."

Kijana akapapasa mifuko kwa hofu, simu ipo, pochi ipo. Alipoona anachokabidhiwa, akaupokea kwa mikono miwili, akasema "Asante mzee," akaenda nao.

Basi mtu huyu, adui wa uchafu, kila asubuhi baada ya kulalamika alikuwa anatoa mfuko wa mtama kutoka kwenye kikapu chake, anauchanganya na mahindi yaliyoparazwa, halafu anamwaga katikati ya mabenchi. Njiwa walikuwa wanamjua. Wakiona kofia yake tu inatokeza kwenye kona, paa zote za jirani zilitikisika. Walimshukia mbele na nyuma, na yeye akasimama katikati yao akitabasamu kama bwana harusi. Mama yake alikuwa akilisha njiwa enzi zake, na bibi yake pia. Kwake ile ilikuwa ibada. Mtama ukiisha alirudi nyumbani roho nyeupe kunywa chai ya tangawizi. Kilichofuata kwenye mabenchi baada ya njiwa kushiba, hakukiona. Alikuwa kwenye chai.

Malalamiko yake yalimchosha Wilbert, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye alikuwa akipigiwa simu na mzee huyu mara nyingi kuliko na mkewe. Mwishowe Wilbert akaitisha kikao pale pale bustanini, Jumamosi. Mzee Umakant akaja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Akapewa nafasi ya kwanza. Alizungumza vizuri, hakuna ubishi. Alitaja pembea, bomba, geti na pipa, akamalizia kwa kusema kwamba jina la kata yenyewe, Mchafukoge, ni kama linatuamrisha mchafu akaoge, na bado hatusikii. Watu wakapiga makofi.

Ndipo akasimama Theopista. Mama huyu wa Kimachame alikuwa na duka la jumla la sufuria ng'ambo ya barabara, na sauti iliyozoea kushindana na matoroli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama Joyceline."

"Mzee wetu ameongea maneno mazito, nami namheshimu. Lakini benchi lile pale, nilikalia siku moja na kitenge kipya, naelekea harusini. Nikanyanyuka nimegongwa mhuri. Nimefika ukumbini, nimecheza mpaka mbele kwa maharusi, ndipo wifi yangu ananiambia. Sasa nauliza tu, ule mhuri ni wa nani?"

Kikao kikaangua kicheko. Muuza kahawa akadakia, "Na panya je? Panya wa hapa wanakula mtama mpaka wanashindwa kukimbia. Nadhani wakimwona Mzee Uma wanamwamkia!"

Wilbert alijikaza asicheke, akashindwa. "Basi," alisema, akifuta macho, "naona ajenda ya kwanza ni njiwa."

Mzee Umakant alikaa mpaka mwisho, mgongo umenyooka, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nyumbani alimsimulia mkewe Indumati kila neno, akingoja huruma.

"Wameongelea benchi tu?" aliuliza Indumati, akiendelea kuchambua mchele. "Njiwa walivyochafua kuta za ghorofa letu hawajaona?"

Ikamuuma. Watu wa mtaa ni watu wa mtaa, lakini huyu alikuwa wa kwake. Akatangaza kwamba hakanyagi tena pale. Asiyemtaka yeye na njiwa wake, akae na taka zake.

Kesho yake hakwenda. Njiwa, kwa upande wao, hawakuwa na habari za kikao. Walingoja bustanini, wakachoka, kisha mmoja akagundua ile kofia inakaa ghorofa gani. Asubuhi iliyofuata walikuwa wamejaa balkoni nzima, kwenye reli, kwenye chungu cha mrehani, na hasa kwenye kamba ya nguo, ambako Indumati alikuwa ameanika sari yake ya hariri, ile anayovaa Diwali peke yake.

Indumati hakupiga kelele. Alikwenda jikoni, akarudi na ndoo na fagio la chelewa, akaviweka mbele ya mumewe aliyekuwa anasoma gazeti.

"Baba Harsh," alisema, "rudi bustanini. Wapeleke wageni wako."

Akaenda. Alivaa shati kuukuu na kitambaa puani, akajaza ndoo maji ya nyumbani, akaanza na lile benchi la mhuri. Halikuwa jambo dogo. Ule uchafu ulikuwa umekauka kama saruji, na kila akisugua, njiwa mmoja juu ya mti alimwangalia kwa jicho la pembeni, kama msimamizi.

Alikuwa ameinama hivyo hivyo aliposikia kitu kinadondoka karibu na mguu wake. Chupa ya soda.

"Mzee, na hiyo pia," alisema bwana mmoja akipita bila kupunguza mwendo. "Nyie watu wa usafi mmezidi kulala. Bustani imeoza!"

Mzee Umakant akafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, tena ya kutosha. Lakini ufagio mkononi, jasho machoni, akajikuta anasema tu, "Samahani, ndugu." Akashangaa mwenyewe.

Ng'ambo ya barabara Theopista aliona yote. Alicheka mpaka akashika mlango wa duka. Kisha akavuka, akashika ndoo upande mmoja.

"Shikamoo mzee. Pole na kazi."

"Marahaba. Umekuja kucheka?"

"Nimeshamaliza kucheka kule. Hapa nimekuja kusaidia."

Walisugua. Lakini Mzee Umakant hakuwa mtu wa kusamehe bure. Walipofika penye ukuta wa bustani, palipojaa maboksi na plastiki za kufungia mizigo, aliokota boksi moja, akalinyoosha, akalisogeza mbali na macho asome vizuri.

"Sufuria," alisoma polepole. "Seti, na mifuniko yake. Mama Joyceline, hapa mtaani nani anauza sufuria?"

Theopista alitazama boksi, akatazama duka lake, akatazama mawingu. "Upepo wa siku hizi, mzee," alisema, "umekuwa mkali sana."

Wakacheka wote wawili, na siku hiyo ndiyo walipopatana. Maboksi ya Theopista yakaanza kukunjwa na kupewa mwokota makaratasi. Yeye akaleta sinia kubwa lililobonyea ambalo hakuna mteja angelinunua, likawekwa kwenye kona ya mbali, huko ambako hakuna anayekaa, na mtama ukahamia humo. Pipa nalo likapigiliwa bati kitakoni. Njiwa waligoma kidogo, kisha njaa ikawashauri.

Bustani haikugeuka kuwa pepo. Bomba bado kavu, pembea bado ina mnyororo mmoja, na Wilbert kila akiulizwa anasema tumejipanga. Panya wamepungua unene, hilo hata muuza kahawa anakubali. Mzee Umakant analalamika vile vile, ila sasa analalamika huku anafagia, na mtu anayefagia ni vigumu kubishana naye. Wanaotupa taka wakimwona huzitia mfukoni wenyewe.

Asubuhi moja Indumati alishuka naye. Hakuwa amekanyaga bustani ile miaka mingi. Alizunguka polepole, akakagua sinia, akalikagua benchi kwa karibu, akalipangusa kwa ncha ya sari hata hivyo, ndipo akakaa. Mumewe alisimama pembeni akingoja sifa.

"Kuna chupa kule nyuma ya mti," alisema Indumati.

Mzee Umakant akaenda kuiokota.