Umeruka Mahali

Macho ya baba yalipofifia kabisa, mimi binti yake ndiye niliyegeuka msomaji wake. Kila asubuhi, nikishakamua ng'ombe, nilikaa naye mbele ya nyumba yetu kijijini Giakanja, nikafungua simu na kumsomea jarida la siasa alilolipenda. Ni la mtandaoni tu, na halifichi upande wake: kiongozi wetu ni mwema hata akikosea, wa kwao ni mbaya hata akinyamaza. Mimi lilinichosha. Baba aliliita gazeti letu, na makala ikimchoma mpinzani barabara aliniomba nirudie, huku akicheka kama mtu anayekunwa mgongo.

Jumapili tulisoma mbele ya mgeni. Nasema mgeni kwa mazoea tu. Alikuwa polisi mstaafu kutoka magharibi mwa nchi, aliyepanga chumba katika boma letu alipohamishiwa kituo cha hapa, nami nikiwa bado shule ya msingi. Alipostaafu alinunua ploti Ruring'u, si mbali na kwetu, akajenga. Baba alimwita afande, naye akamwita baba mzee. Kwa kuwa Kikuyu chake kilikomea kwenye salamu na bei za sokoni, Jumapili nyumba nzima ilizungumza Kiswahili, hata sala ya kushukuru chakula.

"Mgeni ni siku mbili," baba alipenda kumtania. "Wewe nilikupatia jembe siku ya tatu, na mpaka leo hujarudisha."

"Lilivunjika, mzee," afande alijibu. Na ni kweli, alilivunja akichimba mashimo ya kahawa yetu. Kura yake ilikuwa ya upande ule mwingine, sote tulijua, nao walibishana mpaka chai ikapoa.

Uchaguzi ulipokaribia, jarida lilibadilika sauti. Jumapili moja nilikuwa nikisoma makala mpya, macho yakiutangulia mdomo, nikaiona aya moja inakuja. Nikairuka, nikaendelea na ya chini yake.

"Umeruka mahali, mama," afande akasema kwa upole.

Sikujua kwamba yeye pia alikuwa akilisoma jarida lile kwake, kila wiki, ili apate la kubishana na rafiki yake.

"Ameruka nini?" baba akauliza.

"Soma tu, mama. Mzee asikie yote."

Nikasoma. Iliandikwa kwamba kati yetu wamo wageni wanaokula jasho letu na kuwapigia kura adui zetu, na kwamba kila mtu anajua nyumba zao ziko wapi. Nilimchukia aliyeandika, nikaichukia na simu yenyewe.

Baba akageukia upande wa afande. "Hao hawakusemi wewe, afande. Wewe ni wetu. Wanawasema wale wengine."

"Wale wengine ni akina nani, mzee?"

Afande alimaliza chai yake, akashukuru, akaniuliza hali ya ndama aliyekuwa mgonjwa, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata hakuja. Baba alimpigia simu, akaambiwa ni homa kidogo. Jumapili ya pili baba hakupiga. Aliomba koti lake. Tangu macho yamwache hakuwa ametoka nje ya lango, maana aliona haya kushikwa mkono mbele ya watu, lakini siku hiyo alininyooshea mkono mwenyewe, tukaenda Ruring'u.

Afande alitufungulia mlango akiwa mzima kabisa. Mimi niliona kabati tupu na masanduku yamepangwa ukutani. Baba, akitafuta kiti kwa mikono kama kawaida yake, akagusa godoro lililosimamishwa. Akaipapasa kamba iliyolizunguka, fundo kwa fundo.

"Unasafiri?"

"Watoto wanasema niende nyumbani mpaka kura ipite, mzee."

"Nyumbani ni wapi?" Baba aliuliza kama mtu asiyejua kweli.

Afande alimshika mkono, akamkalisha kwenye kiti kilichobaki, akasimama kando yake. Hawakubishana juu ya chochote, na mimi nilitamani sana wabishane.

Asubuhi moja baada ya afande kuondoka, nilifungua simu kama kawaida.

"Nisomee ile ya siku ile," baba akaniambia kwa Kikuyu. "Pale uliporuka."

Nikamsomea.

"Waliandika jina lake?"

"Hapana, baba."

"Lakini lilikuwamo, na mimi sikulisikia," akasema. Tangu hapo hajaniomba tena nimsomee jarida lile.

Kura zilipita salama. Nyumba ya Ruring'u imeuzwa; afande hupiga simu Krismasi. Lakini naikumbuka zaidi ile Jumapili ya kwanza baada ya yeye kuondoka, tulipobaki wawili mezani. Nilimimina chai. Baba akavua kofia, akainamisha kichwa, akaomba kwa Kiswahili.