Chupa Zilizovaa Singa

Kazi ya zimamoto niliianza Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Juni, nikiwa kidato cha pili, na nikastaafu shule ilipofunguliwa. Nyie wa kidato cha kwanza mnaodhani zimamoto ni kupanda ngazi na kuokoa warembo, kaeni mjifunze kwa mkongwe.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kiwanda cha mkonge nje kidogo ya Korogwe. Mkuu wa Zimamoto, mzee wa Kizigua mwenye sauti kama filimbi, aliitikia shikamoo yangu, akauliza, "Kusukuma unaweza?" Gari letu la kuzimia moto lilikuwa haliwaki bila kusukumwa, na hiyo ndiyo ajira niliyopata. Kazi ya pili ilikuwa kuanika mipira ya maji. Mpira ukikunjwa mbichi huoza, kwa hiyo tuliutandaza kwenye nyaya zilezile za kuanikia singa, yaani nyuzi za mkonge zinazotoka kwenye korona, ile mashine inayokamua majani.

Kiwanda kilikuwa kimetoka mikononi mwa serikali na kununuliwa na mtu binafsi, aliyekuja na Meneja wake. Haukupita muda, marobota ya singa yakaungua ghalani. Tulichelewa kwa sababu ya gari. Meneja akasema tulichelewa kwa sababu ya bangi, akaamuru mkojo wetu upelekwe maabara Tanga.

"Kesho kwenye gwaride, kila mtu na chupa yake, yenye jina," alisema. "Zipangwe juu ya boneti, wote wazione. Zama hizi ni za uwazi!"

Kuzipanga nilipewa mimi.

Asubuhi Kaka Mhina, fundi wetu wa kushika mdomo wa mpira, aliniita nyuma ya tangi akanionyesha chupa yake. Mkojo ulikuwa na rangi ya chungwa, kama soda.

"Kaka, umekunywa nini, rangi ya mlango?"

"Acha utani, dogo. Ni dawa za kifua kikuu. Mganga wa zahanati anajua, kaniruhusu kazini, siambukizi tena. Lakini wakiiona hii pale juu, mpaka jioni watakuwa wamenipa na ule ugonjwa mwingine. Jirani atanificha kikombe. Na Meneja anatafuta wa kupunguza kazini."

"Nimwambie Mkuu?"

"Usimwambie mtu."

Nikakimbilia chumba cha brashi, wanakosafishia singa, nikaomba makapi. Kila chupa niliizungushia singa kutoka chini mpaka shingoni, nikaziweka kwenye boneti.

"Nini hiki?" Meneja aliuliza.

"Sare, mzee. Zisivunjike njiani."

Gwaride likacheka. Yeye hakucheka. "Fungua!"

Mkuu akasogea. "Bwana Meneja, tunatafuta bangi au tunatafuta kitu kingine?"

"Bangi."

"Unaiona kwa macho, bangi kwenye mkojo?"

Meneja akagusa chupa moja, akaiacha.

"Basi atafungua Mganga, mezani kwake, mlango umefungwa. Na ya kwako iko wapi? Ghalani si unaingia pia?"

"Aiweke juu ya boneti!" mama mmoja wa brashi akapaza sauti.

Meneja akatazama saa, akasema Mganga azichukue zote.

Majibu yaliporudi, Mganga alitangaza neno moja tu: hakuna bangi. Mimi nikapata uhamisho wa ghafla kwenda Handeni, kwenye ghala la kampuni, kulinda pipa la maji ya kuzimia moto. Adui mkuu kule ni ng'ombe wa wafugaji. "Moto ukija," Msimamizi wa ghala aliniambia, "utakuta maji yameshanywewa."

Sasa nimestaafu, nina muda wa kutafakari. Mkuu hakuwahi kuniuliza kwa nini nilizivalisha chupa. Nasikia mpaka leo kikosi hakipeleki chupa maabara bila kuivalisha singa. Kaka amemaliza dawa, amepona, naye ndiye aliyeniruhusu kuandika haya, kwa sharti kwamba nisimtaje. Kwa hiyo msihangaike. Mhina si jina lake. Nimelichagua kwa sababu ukiliita sokoni Korogwe, nusu ya soko inageuka.