Ukimya Kati ya Nyimbo za Habimana

Recheli Nimbona alikuwa mwalimu wa kompyuta pale Kaliua. Mumewe, Habimana, alikwishafariki, na hawakujaliwa mtoto. Akirudi kutoka shuleni, aliwasha kompyuta kabla hata ya kuvua viatu, ili angalau kitu kivume ndani ya nyumba.

Kilichokuwa kikimsumbua ni sidii moja. Habimana, alipokuwa akiongoza kwaya ya kigango huko Ulyankulu, aliwatengenezea watoto mchezo wa kujifunza kusoma, ndani yake akatia nyimbo za kwaya. Kompyuta iliyokuwa ikiufungua mchezo huo iliungua, na ile mpya haikuwa na mahali pa kuingizia sidii. Recheli akapata programu inayoigiza kompyuta za zamani, akaipa nakala ya sidii hiyo aliyowahi kutengenezewa. Herufi zikatokea. Nyimbo kimya.

Akagundua kwamba nakala ile ilibeba mafaili ya mchezo tu. Kila sidii huwa na jedwali la yaliyomo, linaloonyesha kila wimbo unaanzia wapi. Mchezo ulipouliza nyimbo ziko wapi, programu haikuwa na jedwali la kujibia.

Akapanda treni hadi Tabora, kwa Mabruki, fundi wa karibu na stesheni aliyekuwa bado na kifaa cha kusomea sidii.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwalimu. Sidii? Watu siku hizi wanakuja na flashi.”

“Naomba uinakili yote, pamoja na jedwali lake.”

“Unampelekea nani?”

Recheli akamsogezea sidii. Mabruki akaipokea bila kuuliza tena.

Nyumbani, nyimbo zilisikika. Lakini zilipandana: moja haijatulia, ngoma ya nyingine imeshaingia. Habimana hakuwa hivyo. Wimbo ukiisha alishusha mikono, akasubiri. “Waache wapumue,” alizoea kusema. Jedwali lilionyesha pia ukimya ule unapoanzia, ila programu iliuruka na kukimbilia mwanzo wa wimbo unaofuata.

Likizo nzima Recheli aliirekebisha programu, iliyoachwa wazi kwa yeyote kuibadili, peke yake, akikosea na kurudia. Alipofaulu aliwatumia wenye programu marekebisho hayo. Likaja jibu fupi la shukrani, kutoka kwa mtu asiyemjua, wa nchi asiyoijua.

Akampigia Demetria, dada wa Habimana, aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza katika kwaya ile na sasa anaishi Urambo.

“Wifi, sikiliza.” Akaisogeza simu kwenye spika.

Wimbo ukaisha.

“Imekatika?” Demetria akauliza.

“Haijakatika. Subiri.”

Wakasubiri wote wawili. Recheli alijua kwamba mikono ya Habimana ilikuwa imeshuka wakati huo. Wimbo wa pili ukaanza. Demetria akaufuata kidogo kwa sauti ya chini.

“Njoo huku, wifi,” alisema. “Usikae huko peke yako.”

“Nitakuja.”

“Kila mara unasema hivyo.” Akaaga, maharage yake yalikuwa motoni.

Recheli akaacha nyimbo ziendelee, akachukua ndoo, akaenda kufua.