Upande wa Pili wa Mlango wa Bi Zeyana

Kazi yangu ya kutembeza wageni Mji Mkongwe ilianza Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, mara tu baada ya kumaliza mtihani wa kidato cha nne. Saa naikumbuka kwa sababu nilisimama nje ya ofisi, Shangani, nikiitazama saa ya ukutani kupitia dirishani, nikiomba isifike mbili na nusu. Ikifika ningelazimika kuingia na kutaja jina langu mbele ya watu.

Nawaandikia wadogo zangu mlio kidato cha pili na cha tatu, ambao likizo mtaitafuta kazi hii kama nilivyoitafuta mimi. Watu wanaoandika kumbukumbu za kazi huwa wamestaafu na wana mengi ya kujivunia. Mimi sina hata mwaka, na sehemu kubwa ya ninayoyakumbuka hunipasha moto uso. Aliyestaafu ni babu yangu mzaa mama, Mzee Khamis, aliyetembeza wageni tangu mama yangu yu mdogo. Yeye hataki kuandika, anasema kalamu haimjui. Basi naandika yangu, na yake yamo ndani.

Mwanzo Meneja aliniweka ofisini. Kazi yangu ilikuwa kujaza chupa za maji na kuwapa leso wageni waliokuja mabega wazi, wajitande kabla ya kuingia mitaani. Nililipenda sana lile kapu la leso, kwa sababu ukimpa mtu leso huhitaji kusema kitu. Baadaye Meneja akanipandisha cheo, akanipa Babu. Nikawa natembea nyuma ya wageni, kuangalia asipotee mtu, maana vichochoro vyetu vinapinda na mgeni akikodolea macho dirisha moja tu, wenzake washapinda kona mbili.

Babu alijua milango. Alinifundisha kwamba mlango wenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni wa Kiarabu, na ule wenye vipande vingi vya mraba ni wa Kihindi. Vifundo vya shaba, alisema, huko Bara Hindi viliwekwa kuzuia ndovu. Kwetu ni pambo tu, ndovu wa kuja Kiponda atoke wapi. Alinionesha mfaa, ule mti wa nakshi ulio katikati, unaofunika mahali pande mbili za mlango zinapokutana. Mfaa umepigiliwa kwenye upande mmoja, na huo ndio unaofunguliwa kila siku. Upande wa pili hufungwa kwa komeo.

Mlango aliokuwa akimalizia nao siku zote ulikuwa wa Bi Zeyana, Kiponda. Bi Zeyana alikuwa mjane, mtu mzima kuliko Babu, na katika mtaa mzima yeye peke yake aliwaruhusu wageni waingie mpaka ua wa ndani, wakaona ngazi na kisima. Lakini wageni wa Babu tu. Siku ya kwanza aliponiona nimejibanza nyuma ya nguzo alimuuliza Babu, "Khamis, huyu bubu wako atawatembezaje watu? Atawaonesha kwa kidole?" Wakacheka wote wawili. Kuanzia hapo akaniita bubu wangu, na kila nikija ananiwekea kikombe cha kahawa ya tangawizi.

Sasa niseme jambo nililoliona aibu wakati ule, ambalo silo nililopaswa kulionea aibu. Babu alikuwa hapiti barazani bila ya kusimama. Mabaraza ni yale madawati ya mawe yaliyojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, na Kiponda kila baada ya nyumba mbili kuna wazee wamekaa. Babu angesalimu. Kisha angemuuliza huyu kifua chake, yule mwanawe aliyekwenda Pemba, yule mwengine kama paka wake karudi. Wageni wamesimama juani, wanafuta jasho, wananiangalia mimi. Mimi naangalia viatu vyangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mgeni mmoja alilalamika, na Meneja akatuita. Alisema kwa adabu, lakini alisema: "Mzee Khamis, watu wamekuja kuuona mji. Hawakuja kukuangalia wewe unaulizana hali." Babu alijibu, "Naam, Meneja, nimesikia," na siku ya pili yake akaulizana hali vilevile. Mimi moyoni nilikuwa upande wa Meneja.

Goti la Babu ndilo lililomstaafisha. Siku yake ya mwisho kazini hakukuwa na sherehe, alinikabidhi kofia yake ya ukindu, ambayo hainikai, akaniambia, "Nasra, njia unaijua. Watu je?" Nikamwambia nawajua. Kweli nilikuwa nawajua, kwa majina yote. Ila sikuwa nawatazama.

Meneja alinipa mzunguko mfupi na wageni wachache. Nami nikajitengenezea njia yangu. Niligundua kwamba ukipita uchochoro wa nyuma, kwenye migongo ya nyumba, unaweza kutokea Kiponda bila ya kukutana na baraza hata moja, ila lile la mwisho, la Bi Zeyana mwenyewe. Hapo nilikuwa napita haraka na "Asalaam alaykum" ya chini ya pumzi, ambayo sijui kama hata nzi aliisikia. Wageni hawakusimama juani, na Meneja alinisifu. Nilijiona nimeitengeneza kazi kuliko Babu.

Jumatano moja nilipewa wageni wawili, mke na mume, watu wa makamo ya Babu, kutoka Flandria, ule upande wa Ubelgiji wanakosema Kiholanzi. Mke alikuwa mtembezaji kama sisi, katika mji wao mkongwe ulio ukingoni mwa mto, na njiani alinisimulia. Mto wao hujaa na kupwa kama bahari, ingawa bahari yenyewe iko mbali, na zamani mashua za vitambaa zilikuja kufunga mpaka chini ya ngazi za soko la samaki. Matajiri walijenga nyumba za matofali ambazo vichwa vyake vimekatwa kama ngazi, kila mmoja akitaka ya kwake ipite ya jirani. Nikamwambia hapa walishindania milango. Akasema uwanjani kwao kuna mnara wa kengele, na karibu na mto kuna mtaa mdogo uliozungushiwa ukuta, nyumba ndogondogo nyeupe, ambamo zamani wanawake wajane na wasioolewa waliishi pamoja, wakisali na kushona lesi. Akifika na wageni kwenye lango la mtaa huo huwaambia washushe sauti, maana ndani bado wanaishi watu, na kuna bibi mmoja dirisha la juu ambaye akichoshwa na kelele humwaga maji. Tulicheka sana. Nilijiona kweli mwenzake.

Tukatokea nyuma ya nyumba ya Bi Zeyana, tukapinda kona, tukawa mbele ya mlango. Kwa pembe ya jicho niliona kanzu nyeupe barazani, nyingi kuliko kawaida. Sikuinua uso. Nikaona aibu ya kusalimia watu wengi vile, nikasema nitawasalimu tukitoka. Niliwageuza wageni wauelekee mlango, nikaanza kwa ile sauti kubwa ninayoipata nikisema Kiingereza tu. Nikaeleza minyororo ya nakshi na mayungiyungi. Nikaeleza mfaa. Kisha nikafika pale ninapopapenda, palipo maneno ya Babu mwenyewe: kwamba upande huu hufunguliwa kila siku, na ule wa pili haufunguliwi ila kwa kitu kikubwa, kitanda cha harusi kikiingia au jeneza likitoka.

Mume akainua simu apige picha. Ndani komeo likalia, na upande wa pili ukafunguka.

Alidhani nimempangia. Alinitabasamia, kunishukuru. Ndipo zikasikika sauti za wanaume, taratibu, "La ilaha illa Llah," na mbele ya jeneza nilikuwa nimesimama mimi, katikati ya njia, mkono bado umeunyooshea mfaa.

Mke ndiye aliyefahamu mwanzo. Aliushusha mkono wa mumewe wenye simu, akamvuta ukutani. Mimi nilivutwa upindo wa buibui na Mzee Mbwana, jirani wa Bi Zeyana, ambaye baraza lile ni lake kama lilivyo la nyumba.

"Wapishe, mwanangu," alisema.

Jeneza likapita karibu yangu kiasi cha kunigusa bega. Nikamuuliza nani.

"Bi Zeyana. Alfajiri." Akaangalia kule linakokwenda, akatoka barazani kulifuata. Kisha akageuka. "Nlikuona unakuja na watu wako. Nlikuwa nangoja salamu yako, nikwambie."

Hakunikaripia. Hakuna hata mmoja aliyenikaripia, na mpaka leo naona wangenikaripia ningelala vizuri zaidi.

Tulipofika mbali, yule mke akaniuliza, kwa upole wa mtu wa kazi moja, si wa kulaumu. Alisema kwao mtu akifa kengele ya kanisa hulia kwa namna yake, na mtembezaji akiisikia hubadilisha njia. Akaniuliza, "Nyinyi hapa mnajuaje?"

Nilijua jibu. Nilimwambia, "Tunasalimiana."  Alikuwa ametembea nami asubuhi nzima na hajanisikia nikimsalimia mtu.

Kosa langu halikuishia hapo, na hili ndilo zito. Nilipaswa kumpigia Babu simu papo hapo. Yeye anakaa nasi Chukwani, hawezi kujua kilichotokea mjini mpaka aambiwe. Lakini ningemwambia ningelazimika kumwambia pia nimejuaje, na nimesimama wapi. Nikaizima simu. Nikasema nitamwambia nikifika, nitapata maneno njiani. Bi Zeyana alizikwa baada ya sala ya adhuhuri.

Nilipofika nyumbani alasiri Babu alikuwa amekaa kizingitini kavaa kanzu ya kutokea. Alishaambiwa msikitini, na mtu aliyempa pole akidhani ametoka makaburini. Mtaani hawakumpigia. Walisema mjukuu wake yupo hapa mlangoni, bila shaka keshamwambia.

"Barazani alikuwepo nani?" aliniuliza.

"Sikutazama, Babu."

"Ulipita njia gani?"

Nikamwambia yote, uchochoro wa nyuma na sifa za Meneja. Alisikiliza akisugua goti. Nilingoja hasira, haikuja.

"Mimi sikuwa naulizana hali, Nasra," alisema. "Nlikuwa nabisha hodi. Njia ile ni ukumbi wao. Waingia ukumbini kwa watu, na wageni nyuma yako, husemi hodi?"  Halafu akasema kwa sauti nyengine, si ya kunifundisha tena, "Gari ya jirani yetu Idi ilikuwa hapa tangu asubuhi, haina kazi. Ningewahi."

Alilisema neno hilo mara mbili, ningewahi, kisha akaingia ndani kubadilisha kanzu ambayo hakwenda nayo popote.

Wadogo zangu, milango mtajifunza kwa siku chache, hata vitabuni imo. Mimi niliweza kuusoma mlango mzima, minyororo na mayungiyungi, na sikuweza kuwasoma watu waliokaa pembeni yake. Milango ile si ya ofisi. Babu alisimama mbele yake maisha yake yote kwa idhini ya wanaokaa barazani, na idhini hiyo ilikuwa ikiombwa upya kila asubuhi, kwa kifua cha huyu na paka wa yule. Kule kuona haya kulikuwa kibri changu pia. Nilijiona mimi tu ndiye ninayetazamwa.

Meneja alipiga simu jioni kunipangia wageni wa kesho. Nikamwambia kesho siji kazini, nina msiba.

Asubuhi yake nilimwomba Babu tuende pamoja. Idi alitushusha Darajani, na Babu akaniegemea begani, tukaingia kwa njia ya mbele, ya mabaraza yote. Nilidhani atasalimia yeye, nami nifuate. Tulipofika baraza la kwanza alisimama, akafunga mdomo, akatazama juu kwenye roshani za watu kana kwamba ni mgeni aliyekuja kwa meli. Wazee wakatungoja. Nikaona viatu vyangu, kisha nikainua uso.

"Shikamooni," nikasema. Sauti ilitoka mbovu, lakini ilitoka. Nikamuuliza yule wa kwanza kifua chake.

Ilituchukua muda mrefu kufika Kiponda, na jua lilikuwa kali. Mbele ya nyumba ya Bi Zeyana watu wa matanga walikuwa wamejaa barazani, Mzee Mbwana mwisho wao. Upande wa pili wa mlango ulikuwa umekwisha kurudishiwa komeo. Babu aliniachia bega, akashika ukuta.

"Shikamoo, Mzee Mbwana. Poleni na msiba."

 Mzee Mbwana akavuta miguu yake ndani, kunipisha.

"Marahaba, mwanangu. Tushapoa," alisema. "Wenzako wako jikoni, wanataka mtu wa kukuna nazi."

Nikavua viatu, nikasema hodi, nikaingia kwa upande ulio wazi.