Kura ya Fundi Saa

Bi Opereta alipokea simu za hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, akastaafu akidhani masikio yake yatapumzika. Wapi! Miezi miwili tu, kimya cha nyumbani kikamshinda. Mpwa wake alipomwambia kampeni ya mgombea wanayempenda inatafuta wapiga simu wa kujitolea, alishika mkoba akaenda.

Ofisi ilikuwa chumba juu ya duka la viatu, viti vya plastiki na waya za chaja zimetapakaa sakafuni. Dirishani walikaa vijana wa kulipwa, wakizungumza mbiombio kama waliochelewa treni. Wa kujitolea walikaa mlangoni. Amri ya msimamizi ilikuwa moja: soma karatasi, dakika mbili, jina linalofuata.

Siku moja akampata fundi saa mstaafu.

"Shikamoo, mzee. Tunamwombea kura mgombea wetu."

"Marahaba. Huyo wenu simpi ng'o! Ningempa yule mwingine. Ila naye hapati, maana miguu imegoma na nakaa ghorofa ya tatu."

Kijana yeyote angeandika "hapana" akaendelea. Bi Opereta akauliza, "Umewahi kukosa uchaguzi?"

"Hata mmoja. Huu ndio wa kwanza."

Jibu hilo lilimkaa rohoni. Siku ya kura aliazima kiti cha magurudumu hospitalini, akawabembeleza wabeba wagonjwa wawili aliofanya nao kazi. Wakamteremsha mzee ngazi kwa ngazi, naye akiwafokea wasimwangushe.

Alipotoka kituoni, wino ukimeta kidoleni, alisema, "Nimempa yuleyule. Usije ukasema nimekudanganya."

"Sijakuuliza, mzee."

Habari zilimfikia msimamizi kabla ya jioni. "Mama, umewapelekea wapinzani kura!"

"Nimempeleka mtu, mwanangu. Kura ilikuwa yake."

Mgombea wao alishindwa, tena vibaya. Bi Opereta alilia jikoni, kwa sababu alimwamini kwelikweli yule bwana. Kesho yake akarudi kusaidia kufunga ofisi. Msimamizi alikuwa bado amenuna, hakuitikia hata salamu. Bi Opereta akabeba viti viwili, akashuka navyo, akapanda kuchukua vingine. Safari ya nne msimamizi akampokea mzigo.

"Lete, mama. Hivyo vizito."